Mstari Katikati ya Daftari

Mwalimu Ndahani kasema: pigeni mstari katikati,
kushoto nishati tuli, kulia nishati mwendo,
mkaandike vitu kumi vya nyumbani kwenu.
Kesho asubuhi nakusanya.

Nimekaa kizingitini na kalamu isiyo na kifuniko.
Rahisi, najiambia. Kinachokwenda, kulia.
Kilichokaa, kushoto.
Naandika: kuku anayemkimbia jogoo.
Naandika: upepo wa mwezi wa tano,
unaoleta vumbi la Mpwapwa mpaka kwenye meno.
Naandika: jiwe.

Jiwe lipi? anauliza Nyemo, dada yangu,
asiyeacha neno likapita bila kulishika mkia.
Lile la mlango wa zizi, au lile la Kiboriani,
lililoning'inia tangu babu hajazaliwa,
ambalo mama hulitazama kila mvua kubwa inapoanza?
Yote yamekaa, Nyemo.
Yamekaa, ndiyo. Lakini moja tu linatunyima usingizi.

Nalifuta la zizini. La mlimani linabaki.

Bibi Sechelela anatwanga uwele.
Mchi unapanda, unafika juu, unatua hewani
kwa muda wa kope kupepesa:
naandika kushoto.
Mchi unashuka, ti! Naandika kulia.
Lakini pale kati, baina ya paji lake la uso
na mdomo wa kinu,
urefu umeshaanza kupungua, kasi haijatimia,
mchi ni ule ule, mkono ni ule ule,
huo niuweke wapi?
Kalamu yangu imesimama juu ya mstari wenyewe.

Weka kotekote, anasema Bibi.
Hakunisikia. Anamjibu Nyemo
kuhusu chumvi, kwenye mlenda na kwenye maharage.
Naandika hivyo hivyo: kotekote.

Kule shambani Yohana yuko juu ya kichuguu na manati.
Kwelea kwelea hawajasoma darasa lolote,
lakini mpira ukivutwa hadi sikioni
wanaruka, wingu zima,
kabla kokoto halijatoka.
Kumbe wao wanaogopa upande wa kushoto.

Saa kumi. Kaka Masinga anatoka korongoni,
anasukuma baiskeli kupanda kwetu,
madumu manne ya maji yaliyochotwa mchangani
kwa kikombe, kikombe, kikombe, tangu alfajiri.
Shati limemganda mgongoni.
Pale penye mwiba mkubwa, hatua ishirini kufika,
kamba ya mpira inakatika.

Dumu moja linaanguka. Halipasuki.
Linajiviringisha kwanza taratibu, kama linafikiri,
halafu halifikiri tena.
Linaruka jiwe, linaruka shina, linagonga mbuzi wa jirani,
linafika kule kule lilikotoka
na kumwagika mchangani kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Asubuhi nzima ya Masinga, kwa pumzi nne.

Hakuna aliyesema kitu. Masinga hakukimbia kulifuata.
Ameshika usukani kwa mikono miwili
kwa sababu matatu bado yapo juu
na baiskeli haina breki.

Baba mdogo, kutoka kwenye mkeka wake, akasema:
mngeniamsha ningesaidia, nina nguvu nyingi nimezitunza.
Nyemo akanitazama. Nikatazama daftari.
Huyu hata kushoto hakai, akanong'ona,
nani alimpandisha wapi?

Jioni madumu matatu yamesimama juu ya kichanja.
Maji yametulia mpaka nyota zinaonekana ndani.
Mtu asiyejua angesema hayafanyi kitu.
Nina vitu saba tu, na mafuta ya koroboi yanaisha.
Naandika cha nane, kushoto: maji.
Na pembeni yake, kwa herufi ndogo
ambazo Mwalimu atauliza ni za nini:
Masinga.